Na hela ya Mwalimu itasomwa saa ngapi?

Hakimu alipomaliza kusoma adhabu, miaka miwili jela, watu wakaanza kuinuka. Mwalimu hakuinuka. Nilikuwa nimekaa ubavuni pake kwenye benchi la nyuma, katika mahakama moja ya hapa Tanga mjini, nikadhani miguu imemfa ganzi, maana ana miaka 66 na tulikuwa pale tangu saa mbili asubuhi. Kumbe alikuwa anasubiri. Akaniinamia, akanong'ona: "Mwanangu, na hela yangu wataisoma saa ngapi?"

Haikusomwa. Kijana alipandishwa kwenye karandinga kwenda gereza la Maweni, karani akafunga jalada, kesi iliyofuata ikaitwa. Tulitembea hadi kwenye bajaji bila kusema neno.

Kesi yenyewe ni ya aina ambayo wenye kadi za benki hapa mjini wanaijua. Kama haijamkuta mtu mwenyewe, imemkuta shemeji yake. Ilikuwa Ijumaa ya mwisho wa mwezi, foleni ndefu kwenye ATM, mashine inasoma polepole. Mwalimu, aliyefundisha shule za msingi kwa miaka 34 na sasa anaishi Makorora na wajukuu wawili, alikuwa anabonyeza kwa kidole kimoja. Kijana nadhifu, kitambulisho kinaning'inia shingoni, akamwamkia kwa adabu: "Shikamoo mama. Hiyo chipu ina vumbi, nipe nikufutie." Namba ya siri alikwishaiona akiwa amesimama nyuma yake. Akaifuta kadi kwenye shati, akairudisha, mashine ikakataa, akamshauri aje Jumatatu.

Kadi aliyorudishiwa ilikuwa ya benki ile ile na rangi ile ile, ila jina lililoandikwa juu yake lilikuwa la mwanamke mwingine. Mwalimu hakulisoma mpaka Jumatatu, akiwa dirishani, alipoambiwa salio ni shilingi 14,000. Kati ya Ijumaa jioni na Jumapili usiku zilikuwa zimetolewa shilingi 2,850,000. Hayo yalikuwa mabaki ya mafao yake. Fundi alikuwa ameshapima bati.

Benki yake ilimpa fomu ajaze. Wiki tatu baadaye ikaja barua ya aya mbili: miamala yote ilifanyika kwa kadi halali na namba ya siri sahihi, na namba ya siri ni jukumu la mteja. Polisi walimpa RB, wakaandika maelezo yake, na miezi minne baadaye wakamkamata kijana akiwa na kadi tano za watu tofauti. Hapo tulidhani mambo yamekwisha. Yalikuwa ndiyo kwanza yanaanza, na yalichukua mwaka na miezi.

Tangu siku ile ya hukumu nimekuwa nikizisoma sheria zinazohusu wizi wa kadi, zetu na za wenzetu, na kila ninaposoma narudi palepale. Sheria zetu zimejifunza vizuri sana kumhesabia mwizi miaka. Kumhesabia aliyeibiwa shilingi zake bado hazijajifunza. Na ninaamini hilo la pili ndilo lingepunguza wizi huu kuliko la kwanza.

Tuanze na mashtaka, maana hapo ndipo mambo mengi huamuliwa kabla hata hakimu hajavaa joho. Kijana aliyembadilishia Mwalimu kadi angeweza kufikishwa mahakamani kwa kupitia milango kadhaa. Upo mlango wa zamani, Kanuni ya Adhabu, wenye wizi na kujipatia mali kwa njia ya udanganyifu. Kifungu cha 302, hicho cha udanganyifu, kinatoa kifungo cha hadi miaka 7. Ndiko alikopitishwa kijana huyu, na ndiyo maana hakimu aliweza kumpa miwili.

Mlango wa pili ni Sheria ya Makosa ya Mtandao, iliyopitishwa na kuanza kutumika mwaka 2015. Wengi wakiisikia wanafikiria matusi ya mitandao ya kijamii. Ndani yake mna kifungu cha 12, udanganyifu unaohusiana na kompyuta: kumsababishia mtu hasara ya mali kwa kuingiza, kubadili au kufuta data, au kuingilia utendaji wa mfumo wa kompyuta, kwa nia ya ulaghai. ATM ni kompyuta. Kuchomeka kadi ya mtu na kubonyeza namba zake nne ni kuingiza data. Kuna pia kifungu cha 4 cha kuingia kwenye mfumo bila idhini, kifungu cha 10 kinachomgusa anayekamatwa na vifaa au namba za siri za watu kwa ajili ya uhalifu hata kabla hajaiba senti, na kifungu cha 15 cha kujifanya mtu mwingine kwa kutumia kompyuta.

Sasa soma adhabu ya kifungu cha 12. Faini isiyopungua shilingi milioni 20, au mara tatu ya faida aliyoipata mkosaji, kiasi chochote kilicho kikubwa zaidi. Au kifungo kisichopungua miaka 7. Au vyote pamoja.

Neno la kushika hapo ni "kisichopungua". Katika Kanuni ya Adhabu, miaka 7 ni dari: hakimu hawezi kuipita, lakini anaweza kushuka hadi miaka miwili, hadi miezi sita, akitazama umri wa mshtakiwa, kiasi kilichoibwa, kama ni kosa la kwanza. Katika Sheria ya Makosa ya Mtandao miaka hiyohiyo 7 ni sakafu. Hakimu akichagua kifungo, anaanzia saba kwenda juu. Mkono ni uleule, mashine ni ileile na hela ni ileile, na tofauti kati ya miaka miwili na saba inategemea mwendesha mashtaka alifungua sheria ipi siku anaandika hati ya mashtaka.

Sisemi kwamba waendesha mashtaka wanachagua kwa upendeleo. Pengine ushahidi wa kumbukumbu za mashine haukuwa umekamilika; kuthibitisha kosa la mtandao kunahitaji mtu wa benki aje aeleze kumbukumbu zilitunzwaje, na Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inaitaka mahakama ijiridhishe kwamba data hiyo ilitengenezwa na kuhifadhiwa kwa njia ya kuaminika. Pengine jalada la udanganyifu wa kawaida lilikuwa rahisi kushinda. Lakini haki ya watu wawili waliotenda jambo moja haipaswi kutofautiana kwa miaka mitano kwa sababu ambayo haikutamkwa popote mahakamani. Na hapo sijagusa utakatishaji fedha, shtaka ambalo kwa miaka mingi limekuwa halina dhamana, na ambalo likiongezwa kwenye hati, mtu anakaa mahabusu akisikiliza "upelelezi haujakamilika" mwezi baada ya mwezi.

Niliwahi kukaa na kalamu nikapiga hesabu ya hiyo faini. Mara tatu ya 2,850,000 ni 8,550,000. Ni ndogo kuliko milioni 20, kwa hiyo milioni 20 ndiyo ingesimama. Ili "mara tatu" ianze kufanya kazi, mwizi awe amechukua zaidi ya shilingi milioni 6 na laki 6 hivi. Chini ya hapo wote wako sawa: aliyetoa 80,000 kwenye kadi aliyoiokota sokoni na aliyekomba milioni sita, faini yao inaanzia mahali pamoja. Kwa yule wa 80,000, hiyo ni mara 250 ya alichoiba. Hana, wala ukoo wake hauna. Kwa hiyo kwake "au" iliyo katikati ya faini na kifungo haipo, ni jela moja kwa moja. Mwenye mtandao mkubwa, aliyevuna milioni 400, ataambiwa bilioni 1.2, na mtu wa namna hiyo mara nyingi anaye wakili wa kumtafutia makubaliano na upande wa mashtaka, utaratibu ambao sheria zetu zimeuruhusu tangu 2019.

Ukivuka mpaka wa Horohoro, wenzetu wa Kenya wana sheria yao ya 2018. Udanganyifu wa kompyuta kwao ni faini isiyozidi shilingi za Kenya milioni 20, au kifungo kisichozidi miaka 10, au vyote. Adhabu kali, ndiyo, ila ni dari. Hakimu wa Lunga Lunga amebakiwa na kazi ya kupima.

Marekani, ambako habari nyingi za kadi hizi zinatoka, wamejenga ngazi. Katika jimbo la California, wizi wa mali isiyozidi dola 950 kwa kawaida ni kosa dogo, ukizidi hapo unapanda daraja. Serikali ya shirikisho nayo inaingia kwa kifungu cha 1029 cha sheria yake ya jinai: kutumia kadi au namba za mtu mwingine na kujipatia dola 1,000 au zaidi ndani ya mwaka mmoja, au kukutwa na kadi 15 au zaidi za bandia au zilizopatikana kinyume cha sheria hata kama hazijatumika. Adhabu ni hadi miaka 10 au 15 kulingana na aina ya tendo, na anayerudia anaweza kufika 20. Mwaka 2010 Albert Gonzalez, aliyeongoza wizi wa namba za kadi zaidi ya milioni 130 kutoka kampuni moja tu ya kuchakata malipo, alihukumiwa miaka 20.

Nao wana sakafu yao. Tangu 2004, anayetumia utambulisho wa mtu mwingine katika kutenda makosa fulani, ulaghai ukiwamo, anaongezewa miaka 2 kamili juu ya adhabu nyingine, na hakimu haruhusiwi kuipunguza wala kuichanganya na ile ya kwanza. Ikafika mahali waendesha mashtaka wakaibandika kila penye jina la mtu kwenye karatasi, hadi Juni 2023 Mahakama ya Juu, katika kesi ya Dubin iliyohusu ankara ya matibabu iliyoongezwa, ikasema kwa kauli moja kwamba kifungu hicho ni cha pale ambapo matumizi ya utambulisho wa mtu ndiyo kiini cha uhalifu wenyewe. Nalitaja hili kwa sababu sakafu popote ilipo huwa inapanuka. Ikishakuwepo, inamvutia mwendesha mashtaka, na anayeirudisha mahali pake ni mahakama ya juu kabisa, baada ya miaka mingi na vifungo vingi.

Lakini jambo lililonifanya niandike makala hii silo hilo. Liko kwenye neno "mkopo".

Kadi ambayo Mmarekani anaibiwa, mara nyingi, ni kadi ya mkopo. Mwizi akiitumia, hela inayotoka si ya mwenye kadi bado. Ni ya benki, ambayo itamdai mwenye kadi mwisho wa mwezi. Na tangu miaka ya 1970 sheria yao imeweka kwamba matumizi yasiyoidhinishwa ya kadi ya mkopo hayawezi kumgharimu mwenye kadi zaidi ya dola 50. Kwa hiyo mwizi anapoingia, anayekosa usingizi ni benki. Watu hao milioni na milioni ambao namba zao zilichukuliwa na Gonzalez hawakulala njaa. Walipewa kadi mpya.

Kadi iliyo kwenye pochi ya Mwalimu, na kwenye yako wewe msomaji wa Ngamiani au Chumbageni, karibu hakika si ya mkopo. Ni kadi ya akaunti yako. Hela inayotoka ni yako tayari: ni mshahara, ni mauzo ya machungwa ya Muheza, ni mafao ya miaka 34 ya chaki. Mwizi akiingia, benki imeshapoteza nini? Salio limeshuka upande wa mteja, vitabu vya benki viko sawasawa. Anayekosa usingizi ni mwenye kadi peke yake.

Mtu anaweza kusema, hiyo ndiyo tabia ya kadi za namna hii, tufanyeje. Wamarekani nao wana kadi za akaunti, na mwaka 1978 waliziwekea sheria yake. Ukitoa taarifa ndani ya siku mbili za kazi tangu ujue kadi imepotea au imeibwa, hasara yako haizidi dola 50. Ukichelewa zaidi ya hapo, inaweza kufika 500. Ukikaa kimya zaidi ya siku 60 tangu utumiwe taarifa ya akaunti inayoonyesha miamala hiyo, hapo hasara inayofuata unaweza kuibeba mwenyewe bila ukomo. Na kama kuna ubishi, mzigo wa kuthibitisha kwamba mteja aliidhinisha muamala uko kwa benki. Hata mteja aliyefanya uzembe wa kuandika namba ya siri kwenye karatasi hapotezi kinga hiyo kwa sababu ya uzembe tu.

Linganisha na barua ya aya mbili. Mwalimu alifika benki Jumatatu asubuhi, saa ileile aliyogundua. Kwa kipimo hicho cha siku mbili angekuwa amewahi. Hapa aliambiwa namba sahihi ilitumika, kana kwamba usahihi wa namba ni ushahidi wa mkono ulioibonyeza. Hakuna aliyemtajia kiasi ambacho sheria inasema hasara yake ikomee hapo.

Najua jibu ambalo watu wa benki hulitoa, na nimelisikia kutoka kwa mtu ninayemheshimu anayefanya kazi huko: mkiweka ukomo huo, wateja watazembea, wengine watashirikiana na wezi wagawane, na gharama tutaipandisha kwenye makato ya kila mtu. Hofu ya kushirikiana ni ya kweli na sheria yoyote nzuri itamnyima kinga mteja aliyehusika, mradi ithibitishwe. Lakini hiyo ya uzembe inanikera. Benki ndiyo iliyoweka mashine bila mlinzi siku ya mshahara. Benki ndiyo yenye kamera. Benki ndiyo inayoona, na hakuna mwingine anayeweza kuona, kwamba mama ambaye kwa miaka sita ametoa shilingi laki mbili mara moja kwa mwezi, ghafla ametoa mara tisa katika mashine tatu ndani ya siku mbili na nusu, nyingine usiku wa manane. Kompyuta ya kuzuia muamala wa nne na kumpigia simu mteja ipo na inatumika duniani. Mtu huinunua akiwa na sababu ya kuinunua, na sababu huja pale hasara inapokuwa yake.

Hapo ndipo naona adhabu na hasara zinakutana. Tunaongeza miaka ya kifungo tukitumaini mwizi ataogopa. Kijana wa Maweni hakuwa amesoma kifungu chochote. Alichokisoma ni foleni, mlango usio na mlinzi, na mama mwenye kidole kimoja. Vitu hivyo vitatu havibadilishwi na Bunge likiandika miaka 7 au 17. Vinabadilishwa na yule ambaye mfuko wake unauma.

Uingereza wamekwenda mbali zaidi, na hili linatuhusu sisi tunaotumia simu kuliko kadi. Tangu tarehe 7 Oktoba 2024, mtu anayedanganywa akatuma hela yeye mwenyewe kwa tapeli kupitia mfumo wao wa malipo ya papo kwa papo, benki zinatakiwa kumrudishia, hadi pauni 85,000, na gharama inagawanywa nusu kwa nusu kati ya benki iliyotuma na ile iliyopokea. Hiyo nusu ya pili ndiyo yenye akili. Iliyopokea nayo inaulizwa: huyu tapeli alifunguaje akaunti kwako?

Fikiria swali hilo likiulizwa kwetu kuhusu ule ujumbe wa matapeli wa simu, "ile hela tuma kwenye namba hii". Laini za simu zimesajiliwa kwa alama za vidole. Laini ambazo hazikusajiliwa hivyo zilianza kufungwa baada ya tarehe 20 Januari 2020. Kwa hiyo kila namba ya tapeli ina kidole cha mtu. Shida ni kidole cha nani. Mara nyingi ni cha mama wa kijijini au kijana wa shamba la mkonge aliyeambiwa na muuza laini chini ya mwavuli, "weka tena, haijasoma," akaweka mara ya pili, na mara hiyo ya pili ikasajili laini asiyoijua. Polisi wakifuatilia, wanamfikia yeye. Anasimama kizimbani kwa kosa lenye sakafu ya miaka 7, akijitetea kwamba hajui laini hiyo, na aliyeitumia yuko mkoa mwingine na laini nyingine. (Piga *106# leo uone laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako. Niliipiga kwenye simu ya mdogo wangu tukakuta moja asiyoifahamu. Na ujumbe wa tapeli ukikufikia, tuma namba yake kwenda 15040, ni bure.)

Sheria inayoanzia juu namna hiyo ingekuwa na maana kama ingemfikia aliye juu. Inamfikia aliye karibu.

Ningependa kuona nini? Sihitaji sheria mpya nzima. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai tayari inampa hakimu mamlaka ya kuamuru aliyetiwa hatiani amlipe fidia aliyepata hasara. Kinachokosekana ni ulazima. Mwendesha mashtaka aombe fidia katika kila kesi ya namna hii, na hakimu asipoitoa aandike sababu kwenye hukumu. Sentensi mbili tu. Najua mfungwa hana milioni mbili na laki nane leo. Amri ya fidia ingebaki hai, na siku akiwa na pikipiki au kiwanja, Mwalimu au wajukuu wake wangekuwa na karatasi ya kudai. Faini ya milioni 20 ikilipwa inakwenda Serikalini. Sioni kwa nini aliyeibiwa awe wa mwisho kwenye foleni ya hela yake mwenyewe.

Na miaka 7 ya kifungu cha 12 igeuzwe kuwa ngazi. Waliotengeneza vifaa vya kunakili kadi, waliouza namba za watu kwa mamia, waliokuwa watumishi wa benki au wa kampuni za simu wakatoa siri za wateja, kwao saba na iwe mwanzo, sitawatetea. Lakini kijana wa kosa la kwanza na kadi moja awe na hakimu anayeruhusiwa kumtazama usoni.

Kubwa kuliko yote ni ule ukomo wa hasara, uandikwe kwa shilingi, kwa tarakimu, na siku za kutoa taarifa zitajwe, ili mtu akifika dirishani Jumatatu asubuhi asiulizwe namba ya siri alimwambia nani bali aulizwe aligundua saa ngapi. Benki Kuu ilitoa kanuni za kumlinda mtumiaji wa huduma za fedha mwaka 2019 na ina dawati la malalamiko. Mahali pa kuliandika hilo panajulikana.

Hadi hapo, anayebadilishiwa kadi leo pale mjini afanye haya kwa haraka: apige simu benki kadi ifungwe kabla hata hajaondoka mlangoni, achukue RB siku hiyohiyo, apeleke malalamiko kwa maandishi na nakala yake igongwe muhuri, na katika barua hiyo aitake benki ihifadhi picha za kamera za mashine zote zilizotumika, kwa kuwa picha hizo hazitunzwi milele. Jibu la benki lisipomridhisha, alifikishe Benki Kuu. Kesi ikifika mahakamani, amtafute mwendesha mashtaka mapema na kumwambia kwa mdomo wake: naomba fidia. Sisi hatukujua. Tulidhani inakuja yenyewe mwishoni.

Mwalimu hajapata bati. Amelipa fundi sehemu ya gharama ya vipimo na kumwomba asubiri. Siku hizi akienda kutoa pensheni anafuatana na mjukuu wake wa darasa la sita, ambaye husimama nyuma yake akiwa ameyageukia macho ya watu.

Ila kuna jambo amelishika kuliko hela. Ile kadi aliyobaki nayo mkononi siku ile, yenye jina la mwanamke mwingine, aliikabidhi polisi kwa mkono wake na ikawa kielelezo. Jina hilo hajalisahau. Juzi nilipopita kumjulia hali aliniuliza kama yule mama naye aliitwa mahakamani, kwa kuwa siku zote zile za kutajwa kesi alikuwa akimtafuta kwenye mabenchi. Nilimwambia sikumuona.